Mtoto Aliyepimwa kwa Barua

Nyumba kubwa, Ngonga
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mama Angetile,

Ugonile. Natumaini umeamka salama na mtoto ameamka salama. Mimi sijambo, ila mgongo, na mgongo ni wa siku zote. Najua ni ajabu kuulizwa hali na mtu ambaye unaona moshi wa jiko lake. Lakini tangu Amon akulete hapa, mimi na wewe hatujawahi kutazamana wala kuzungumza, na hivyo ndivyo mkwe na mkamwana wanavyoheshimiana kwetu. Maneno yetu yote yamepita kwa mama mkwe wako. Sasa yeye yuko Karonga kwenye msiba wa dada yake, mto Songwe umefurika, hawezi kuvuka. Amon yuko machimboni Chunya, na mnara wa simu umezimika tangu maji yalipoingia. Hata ungewaka, simu ni sauti, na sauti yangu na yako hazijakutana. Amebaki jirani yetu Prisca. Ni mtu mwema, lakini ukimtuma na neno moja anarudi na matano, na lile lako halimo.

Ndiyo maana naandika. Barua nitaiweka kwenye kichanja cha kuanikia kakao, chini ya jiwe, upande usiovuja. Ukiona nimefunga mlango wangu, toka uichukue. Jibu liweke hapohapo.

Jana Prisca aliniambia kwamba Angetile anakoroma puani na hana raha. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka nikastaafu, na habari za mtoto wa wiki tatu sitaki kuzipata kwa Prisca. Nieleze haya baada ya kumtazama, si kwa kukumbuka. Mvue nguo akiwa ametulia, uangalie tumbo likipanda na kushuka. Mhesabie pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani. Zikifika sitini, hesabu tena. Angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi, nyama inaingia ndani? Mguse tumbo, kisha miguu, uniambie joto lake. Angalia kitovu. Mchokoze unyayo uone anavyoshtuka. La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: ananyonya?

Nauliza hivi kwa sababu kuna uamuzi. Barabara ya kwenda hospitali imekatika. Njia iliyobaki ni mtumbwi wa Yakobo juu ya mashamba ya mpunga, mvuani, mpaka pale lami inapotokeza. Kama ni mafua tu, safari hiyo yenyewe inaweza kumuua. Nimewahi kupokea watoto wa namna hiyo. Kama si mafua, kubaki hapa ndiko kutakakomuua. Mimi ndiye wa kusema lipi kati ya hayo, na sina cha kutazamia isipokuwa wewe.

Baba wa Amon

*

Nyumba ndogo
Jumatatu hiyohiyo, mchana

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi, tunaendelea na mvua. Pole kwa mgongo. Nimecheka kidogo kuona barua ina anwani, maana kuku nikimfukuza huku anatua kwako.

Nimefanya kama ulivyoandika. Pumzi ni hamsini na kitu, nimehesabu mara mbili. Chini ya mbavu hapaingii. Kitovu kimekauka, kimekaribia kufunga. Tumbo lina vuguvugu. Miguu ni ya baridi kidogo, lakini hapa ndani hata mito ya kulalia ni ya baridi. Nikimchokoza unyayo anavuta mguu, polepole, kama mtu aliyeitwa na asiyetaka kuja. Pua inakoroma akilala.

Ananyonya. Namweka, anakamata, anakaa hapo hata saa nzima. Hasumbui kabisa. Jana mchana kutwa sikusikia kilio. Prisca anasema nimezaa mtoto wa kiungwana, na kwamba wa kwake wote watano walikuwa wanalia mpaka mbwa wanahama.

Baba, nilisoma baiolojia mpaka kidato cha nne, tukachora moyo wa ng'ombe na jicho la chura. Hakuna aliyetufundisha kumwangalia mtu anavyopumua. Nashukuru umenifundisha.

Mama Angetile

*

Nyumba kubwa
Jumanne, 16 Aprili

Mama Angetile,

Marahaba, na ndaga fijo kwa majibu yako. Umeeleza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwasimamia, kwa hiyo usinielewe vibaya nikikuuliza zaidi. Mengi uliyoyaona ni mazuri. Mambo mawili hayajaniacha nipumzike: kwamba hasumbui, na kwamba anakaa titini saa nzima.

Mtoto wa wiki tatu anatakiwa asumbue. Anakamata, anavuta, anameza, anashiba, anaachia mwenyewe. Anayekaa bila kuachia huenda havuti kitu. Angalia taya yake akiwa titini: inakwenda, au imetulia? Sikio linachezacheza? Unamsikia akimeza?

Na leo nataka kumwona. Adhuhuri mlaze kwenye benchi chini ya kichanja, juu ya mkeka mkavu, umfunge vizuri, kisha urudi ndani na ufunge mlango. Nikimaliza nitagonga benchi mara moja.

Prisca amenikuta nikiandika haya. Akasimama mlangoni na gunia kichwani, maji yanamdondoka, akasema, "Mzee Zebedayo, watoto wa wilaya nzima umewavua nguo, wa kwako unamtibu kwa posta." Nikamwambia mama zao hawakuwa wake wa mwanangu. Akasema, "Haya, usisahau stempu."

Baba wa Amon

*

Nyumba ndogo
Jumanne, jioni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hukulowa sana. Nilisimama nyuma ya mlango muda wote. Nilikusikia ukimsemesha Kinyakyusa. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yako kwa karibu hivyo. Nilidhani ni nzito zaidi. Ulipogonga benchi nilihesabu kidogo kabla ya kutoka, nisije nikakukuta.

Kuhusu maswali yako. Taya inakwenda halafu inasimama, halafu namtikisa inakwenda tena. Sikio sikuliona likicheza, lakini mwanga ni mdogo. Kumeza sisikii, maana bati linapigwa na mvua hata mawazo yangu siyasikii. Nepi sijui kama ni mkojo au ni unyevu, kila kitu hapa kimelowa.

Baba, nina ombi. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Sijawahi kukaa nikamwangalia mtoto mwingine akinyonya, sina wa kumlinganisha naye. Naweza kukuandikia kurasa kumi na bado nikawa nakuandikia kitu nisichokijua. Njoo uone mwenyewe. Nitajifunika kanga kichwa chote na uso, nibaki na titi tu, na kwa titi lenyewe hutajua ni la nani. Sitasema neno. Utatazama, utatoka. Hakuna mtu hapa, wengine wote wamehamia shuleni kwenye mwinuko. Prisca hatasema, nitamwomba.

Nakuomba kama baba.

Mama Angetile

*

Nyumba kubwa
Jumatano, 17 Aprili

Mama Angetile,

Ugonile. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilichukua mwavuli, nikafika kwenye kichanja, nikarudi. Nataka ujue sababu, usije ukadhani ni kiburi cha wazee.

Kaka yangu Lazaro alioa nikiwa darasa la sita. Siku moja mkewe alikuwa akinyonyesha uani, baba yetu akatokea nyuma ya nyumba bila kukohoa, akamwona. Basi. Mtoto alipougua, ikasemwa ni ile siku. Mimba iliyofuata ikaharibika, ikasemwa ni ile siku. Iliyofuata tena, vilevile. Hakuna aliyemlaumu baba. Yule mama aliondoka hapa na mkeka wake kwapani, na mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka Ipinda.

Mimi siamini kwamba macho ya mkwe yanaua mtoto. Nimesoma, nimefanya kazi, najua kinachoua watoto. Lakini wanaoamini ni wengi kuliko mimi, na siku ya kutafuta mkosaji hawatakuja mlangoni kwangu, watakuja kwako. Angetile akipona hakuna atakayeuliza. Akizidiwa, watasema ulimwonyesha mkwe titi. Kesho na keshokutwa, kila kitakachokupata kitahesabiwa hapo. Siwezi kukufungulia mlango huo.

Kwa hiyo nimemtuma Prisca akutazame kwa niaba yangu. Nilimweleza kila kitu, taya, sikio, kumeza, nikamwambia arudie, akarudia. Aliporudi kwangu alisema, "Kakamata kama kupe. Kafumba macho, kashiba." Nikamuuliza anameza? Akasema, "Mzee, kama hamezi, hayo maziwa anayapeleka wapi?"

Mimi mwenyewe jana nilimwona kifua, pumzi, rangi na kitovu, na sikupata ubaya wa wazi. Alikuwa mpole mno, lakini mtoto aliyetoka usingizini huwa mpole. Nimejumlisha hayo na maneno ya Prisca. Uamuzi wangu ni kusubiri. Yakobo anasema maji ya mashambani leo yana mkondo, na mvua huenda ikapungua kesho. Mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunge na kanga juu yake, asikae peke yake kitandani. Mnyonyeshe kila mara hata kama hakuomba.

Baba wa Amon

*

Alhamisi, 18 Aprili

Baba,

Sina salamu. Miguu ni ya baridi na tumbo sasa ni la baridi. Yuko kifuani kwangu tangu jana, na baridi haitoki. Namwekea titi mdomoni, linatoka, maziwa yanateremka shingoni kwake. Nimemchokoza unyayo. Hakuvuta mguu.

Nitatoka nje na kusimama kwenye kichanja. Ukiniona, usijifiche. Niambie tu.

Mama Angetile

*

Alhamisi, 18 Aprili

Mama Angetile,

Nenda. Prisca amekwenda kumwita Yakobo, mtumbwi utakuja nyuma ya migomba. Usimtoe kifuani, hata Prisca asimbebe. Kichwa kikae pembeni ili apumue, uso usifunikwe, juu yenu vaa koti langu la mvua, Prisca analo. Maziwa usimmiminie, asipomeza yatamwingia kwenye mapafu.

Karatasi ya pili ni ya muuguzi utakayemkuta. Usisubiri foleni. Mpe karatasi, useme mtoto ni wa baridi na hanyonyi. Sema hanyonyi. Usiseme jambo jingine kwanza.

Nitawafuata kwa nyuma mpaka kwenye maji. Usigeuke.

Baba

*

Nyumba kubwa, Ngonga
Jumatatu, 6 Mei 2024

Mkamwana wangu,

Ugonile. Nakuandikia kwa anwani ya wazazi wako, Mbugani. Natumaini barua hii itakukuta unakula kidogo na unalala kidogo. Mama mkwe wako amerudi, anakusalimu, analia kila akifagia uwanja. Amon yupo. Tunakula sahani moja, lakini hasemi na mimi.

Siku tuliyomzika Angetile nilikaa na wanaume chini ya turubai, wewe ulikuwa ndani na kina mama. Wengi walikuwa wanalia humo ndani. Kilio chako nilikitambua, ingawa sijawahi kukisikia kabla. Nilitaka kuja kukupa pole. Nilinyanyuka, mtu akanipisha akidhani nakwenda chooni, nikaketi tena.

Baada ya matanga nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Niliwaambia mwiko huu uondoke kati yangu na wewe. Hawakupenda, lakini waliniruhusu. Baba yako, Mzee Gwamaka, aliitwa, akaja, akakubali. Palichinjwa ng'ombe, maneno yakasemwa mbele ya watu wa pande zote mbili, na mchungaji akaomba. Imekwisha. Leo mimi na wewe tunaweza kukaa chumba kimoja, tukatazamana, na hakuna atakayekunyooshea kidole, si sasa wala siku utakapojaliwa mtoto mwingine. Nikiwa hai, mtoto huyo nitampima kwa macho yangu, ukiwa umempakata.

Naomba nije Mbugani. Sitakaa muda mrefu. Nataka kukaa mbele yako na kusema pole kwa mdomo, maana nimejaribu kuisema kwa kalamu, shajara yangu imejaa, na haijasemeka. Nasubiri siku utakayonipangia.

Baba yako,
Zebedayo

*

Mbugani, Kyela
Jumapili, 19 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliipata. Nakula, kulala ndiyo bado. Maziwa yalikauka wiki iliyopita. Mama alinifunga kanga kifuani, akasema yakikauka nitapata nafuu. Yamekauka.

Hukuniuliza yaliyotokea hospitali, na Amon sikumwambia yote. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa.

Tulifika tumelowa. Muuguzi aliyetupokea ni kijana, anaitwa Jubilate, hata ndevu hazijamkaa sawa. Nilimpa karatasi yako, akaisoma huku anatembea. Nilisema hanyonyi, kama ulivyoniagiza. Hakuniuliza lolote. Alisema, "Mama, mweke nione." Nikafungua kifua, nikamweka. Alipiga magoti kwenye sakafu, kichwa chake kikiwa karibu na mkono wangu, akatazama. Mdomo wa Angetile ulikuwa juu ya titi kama kitu ambacho mtu amekisahau hapo. "Kweli, hanyonyi," akasema, akanirudishia kanga begani, akasimama. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Halafu akaendelea: pumzi, chini ya mbavu, kitovu, unyayo. Ni mpangilio wako wote, Baba. Nilijua anachokwenda kutazama kabla mkono wake haujafika. Walimwekea mrija puani, wakamchoma sindano, wakamweka chini ya taa ya joto. Daktari alisema maambukizi yameingia kwenye damu. Hakusema tumechelewa. Nadhani aliniangalia akaamua asiseme. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimemshika mguu, na mguu ulikuwa wa moto, kwa sababu ya ile taa. Nilidhani amepona. Jubilate ndiye aliyeniondoa mkono.

Nataka ujue jambo moja. Wakati yule kijana anatazama, nilitafuta aibu ndani yangu. Niliitafuta kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeiogopa sana. Haikuwepo. Nilikuwa mama tu, na yeye alikuwa mtu anayeangalia mtoto.

Sikuchukii. Hata Prisca simchukii. Alikuja hapa juzi, akakaa mlangoni, akaondoka. Alitazama alichojua kutazama. Mimi nilikuandikia "ananyonya" kwa mkono wangu mwenyewe. Na wewe ulinilinda na maneno ya watu, na kweli hakuna aliyenisema. Hata msibani, wanawake waliokuja kutafuta kosa hawakulipata. Ngonga nzima jina langu ni safi. Ndicho nilichorudi nacho kutoka hospitali.

Sasa umeniandikia kwamba mwiko umeondoka, na kwamba nikijaliwa mwingine utaingia. Najua umehangaika, na najua haikuwa rahisi mbele ya wazee. Lakini naomba uurudishe. Waambie wazee mkamwana amekataa, mimi nitabeba lawama hiyo.

Amon anataka turudi Ngonga mwezi ujao, na nitarudi, kwa kuwa ndiko aliko Angetile. Nitaishi nyumba ndogo. Ukikohoa nitaingia ndani. Ukitaka kitu, mwambie Mama. Nikiwa na mtoto akaugua, nitamchukua tu na kwenda, mvua iwe mvua, maji yawe maji, sitamwandikia mtu.

Usije Mbugani. Ukija ukakaa mbele yangu nitalazimika kukutazama, na nitaona kwamba ni macho ya mzee mmoja tu, ya kawaida, yanayoweza kuingia chumbani, kutazama na kutoka, na hakuna kitu kingetokea. Hilo nalijua tayari. Ila bado sijaliona, na nikiliona sitaweza kukaa uwanja mmoja na wewe.

Mkamwana wako